Dodo nyekundu nyuma ya nyumba

Kama nafasi uliyo nayo nyuma ya nyumba inatosha kutandika mkeka mmoja tu, panda dodo nyekundu, yaani mchicha mwekundu, kabla hujafikiria sukuma wiki. Najua kuna watu watabisha, na sukuma iko na heshima yake, lakini sukuma unaingoja sana, alafu hapa Kisumu jua la Januari likianza kuchoma inakunjamana tu na vidukari wanajazana chini ya majani mpaka unachoka kuosha. Dodo hilo jua ndio inalitaka. Iko kwa kundi moja na mahindi, mtama na miwa, yaani mimea yenye njia yake ya kutumia mwanga kutengeneza chakula, njia inayofanya kazi vizuri wakati wa joto na haimalizi maji mingi, ndio maana utaona saa nane mchana kila kitu kimelala na yenyewe bado imesimama.

Na nasema nyekundu makusudi. Ile ya kijani tumeizoea, inajiotea yenyewe kwa mahindi, kwa shimo la takataka, kando ya barabara, hata sio lazima uipande. Kwa utamu hazipishani sana, mimi naisikia hii nyekundu ikiwa na kaladha fulani ka bitruti, na si ajabu kwa sababu rangi ya hizo mbili ni ya jamii moja. Lakini kinachonifanya niipende ni kwamba rangi yenyewe inakuambia mambo. Inakuambia ni mche gani umepanda na gani umejiotea, inakuambia kama kivuli kimezidi, inakuambia mbegu yako imeanza kuchanganyika na ya jirani, hata kwa sufuria bado inakuambia umeweka nini. Mtu ambaye hajawahi kulima kitu atajifunza kwa hii haraka kuliko kwa mboga ingine yoyote ninayoijua.

Mbegu yangu ilitoka kwa kukhu, yaani nyanya yangu, huko Luanda upande wa Vihiga. Yeye hanunui mbegu ya mboga, ya kwake inakaa kwa chupa ya soda imezibwa na kipande cha gunzi na ndani kuna majivu kidogo. Aliponimiminia kwa kiganja aliniambia, "Mjukuu wangu, usipige chafya." Ziangalie hizo mbegu vizuri ukipata nafasi, hata kichwa cha njiti ya kiberiti ni kikubwa mara mingi, ziko duara kama sarafu iliyovimba katikati, nyeusi na zinang'aa sana. Gramu moja tu iko na mbegu zaidi ya elfu moja. Ukiona mtu anakuuzia mbegu nyeupe nyeupe ama za rangi ya krimu, mara nyingi hiyo ni ile ya nafaka, ile watu wanasaga unga wa uji, majani yake pia yanalika lakini kazi yake ni ingine. Na mbegu iliyotoka kwa shina juzi usiiharakishe, saa ingine inagoma kuota mpaka ikae kidogo kwanza, ya msimu uliopita ndio huota vizuri.

Udongo sasa. Hapa kwetu Mamboleo si mbaya, lakini ukishuka upande wa Nyamasaria na Kano yote ni ule udongo mweusi wa kunata, mvua ikinyesha unashika kiatu, jua likiwaka unapasuka nyufa mkono unaingia. Mbegu ndogo hivi haipendi huo udongo ukiwa peke yake, kwa sababu ukikauka unafunga juu na kale kamche hakana nguvu ya kupasua. Dawa yake ni kuinua tuta, upana wa mita moja hivi ndio mkono ufike katikati bila kukanyaga, alafu unachanganya samadi iliyooza kabisa na, kama uko na mtu anaenda Ahero, magunia ya maganda ya mpunga. Yale maganda yanafanya udongo unalegea. Samadi ya kuku ni nzuri sana lakini iwe ya zamani, imekaa miezi imepoa, ile mbichi inachoma mizizi na tena ikizidi mboga inajaza naitreti, chumvi ya naitrojeni, kwa majani, kitu ambacho hutaki hasa kama unalishia mtoto mdogo. Siku ya kupanda chukua reki ama hata tawi la mti uvunje vidongo vyote mpaka juu kuwe laini. Hapo usione uvivu, kidongo cha ukubwa wa ngumi kikianguka juu ya mbegu ya dodo hiyo mbegu imekwisha.

Kupanda kwenyewe ndio watu wengi huharibu, nimeona plot nyingi hapa mtaani. Mtu anashika mbegu anarusha kama anamwagia kuku mahindi, zingine zinaenda chini sana, zingine zinarundikana pahali pamoja, alafu wiki ijayo anasema mbegu ni feki. Chukua kijiko kidogo cha mbegu uchanganye na kikombe cha mchanga mkavu, ule wa kujenga uliochekechwa, ukoroge mpaka uone weusi umetawanyika. Chora mistari kwa kidole ama kwa kijiti, kina nusu sentimita tu, mstari na mwenzake sentimita 20 mpaka 30, alafu unamimina ule mchanga polepole ukitembea nao. Mchanga ni mweupe kwa hivo unaona penye umepita na penye umeruka. Funika na udongo mwembamba sana, kama hujui ni mwembamba kiasi gani basi usifunike, gandamiza tu na kiganja mbegu zishikane na udongo.

Maji ya kwanza usimwage na ndoo. Toboa mkebe matundu madogo na msumari, ama tumia ile mitungi ya mafuta ya kupika ya lita tano ukitoboa kifuniko, maji yaanguke kama manyunyu. Na hapa kwetu lazima ufikirie mvua ya jioni, hii inayokuja na upepo wakati nguo bado ziko kwa kamba, mvua moja tu ya hivo inabeba mbegu zote inaenda kuzipanda kwa jirani. Mimi natandaza nyasi kavu juu ya tuta, nyembamba, alafu naitoa polepole nikiona miche imeanza kuchungulia, na ni muhimu kuitoa mapema na kuitoa jioni, kwa sababu ikikaa sana miche inarefuka na kupauka ikitafuta mwanga, na ukiitoa saa sita jua linaimaliza. Sisimizi nao wanabeba mbegu, wanapanga laini wanahama nazo, kwa hivo zungusha majivu pembeni ya tuta siku hizo za kwanza. Kuku ndio adui mkubwa kuliko wote. Nilizungushia vipande vya nyavu za zamani za wavuvi kutoka Dunga, zile zimechakaa haziwezi kushika samaki tena, na jirani yangu mwenye kuku tumebaki marafiki mpaka leo.

Kama kuna joto na unyevu itaota ndani ya siku 3 mpaka 5. Hapo ndio utamu wa hii kazi unaanza, na ndio penye nataka ukae kidogo.

Asubuhi nenda uiname karibu sana na tuta. Utaona tumajani tuwili tuwili, twembamba, tumesimama kwa kashina kekundu ka unene wa uzi. Usifanye uamuzi bado, kwa sababu hata dodo ya porini ikiwa changa iko na wekundu chini ya jani, inaweza kukudanganya. Ngoja jani la kweli la kwanza litoke, lile la duara duara lenye kapengo kadogo kwa ncha. Kama ni nyekundu ya ukweli jani lote litakuja na rangi ya zambarau iliyoiva, juu na chini, na ukiligeuza kwa mwanga mishipa inaonekana imechorwa. Ile iliyojiotea itakuwa ya kijani juu. Basi unapita mstari kwa mstari unang'oa ya kijani yote, na hapo hapo unapunguza nyekundu zilizobanana, kwanza ubakishe kama sentimita 5 kati ya mche na mche, wiki moja na kitu baadaye unapunguza tena mpaka 10 ama 15. Mtu mwingine na mboga ingine angesumbuka kujua magugu ni gani. Hapa hata mtoto wa darasa la kwanza anakusaidia, mwambie tu atoe kijani.

Na hiyo ya kupunguza usitupe. Ya mara ya kwanza ni ndogo sana lakini ya pili ni mboga kamili, laini hata haihitaji kutoa shina, osha mchanga kwa maji mara mbili tatu uweke kwa kitunguu. Ukibananisha mbegu kidogo ukipanda, makusudi, utakula mara mbili kabla hata mboga yenyewe haijafika goti.

Jambo la kivuli. Nyuma ya nyumba zetu za kupanga kuna mti wa avokado wa landlord ama ukuta mrefu, na watu hupanda mboga penye kuna baridi wakidhani wanaisaidia. Hii rangi nyekundu mmea unaitengeneza kwa wingi ukipigwa na mwanga. Ukiiweka chini ya mti itakua, lakini utaiona inakuwa na rangi ya maji ya chai, kijani imechanganyika na wekundu uliochoka, shina refu na jani jembamba. Ukiona hivo usikimbilie mbolea, kata tawi. Njano kwa majani ya chini ndio ishara ya njaa, hapo sasa mwagilia maji ya samadi iliyolowekwa, kando ya shina na si juu ya majani.

Wadudu wapo. Kuna yule kiwavi mnono wa kijivu anayelala kwa udongo mchana akijikunja na usiku anakata mche chini kabisa, ukikuta mche umelala asubuhi chimbua hapo hapo na kidole utampata, hatoki mbali. Kuna viwavi wanaokunja jani na utando na kukaa ndani, hao ni wa kutoa na mkono. Ukiona vipele vyeupe chini ya jani, juu yake madoa ya njano, hiyo ni ukungu, toa majani hayo uyapeleke mbali na uache kumwagilia jioni juu ya majani. Mbaya zaidi ni yule anayetoboa shina, mama yake ni mdudu mwenye pua ndefu, watoto wake wanakula ndani ya shina mpaka mmea mkubwa unaanguka wenyewe kwa upepo. Dawa siipendi kwa kitu ninachokula wiki hiyo hiyo, kwa hivo mmea ulioanguka nang'oa na mzizi nachoma, na msimu unaofuata pale napanda kunde. Usirudishe dodo mahali pamoja kila mara, na usiifuate na spinachi ama bitruti, ni ndugu, wadudu wao wengi ni wale wale.

Kitu kingine cha kuelewa ni maua. Ikweta inapita hapa Maseno tu, kwa hivo mchana wetu ni masaa 12 hivi mwaka mzima, hakuna zile siku ndefu za majira ya joto huko Ulaya. Na dodo ni mmea unaoharakisha kutoa maua mchana ukiwa mfupi, ukiongeza na ukame kidogo unaona imetoa kichwa ikiwa bado ndogo na majani yanakuwa magumu na machungu. Ndio maana hapa kwetu huwezi kuiacha ukisema itanenepa. Ikifika sentimita 15 ama 20, wiki ya tatu au ya nne hivi, anza. Kuna wanaong'oa yote na mzizi wanafunga mafungu, kama wale kina mama wa soko la Kibuye, na kama unauza hiyo ni sawa. Ya nyumbani kata kichwa uache shina la sentimita 10 mpaka 15 na majani machache, itatoa matawi kando, kila wiki moja ama mbili unarudi kukata, na kila ukikata unachelewesha maua.

Dada yangu yuko Nakuru na nilimpa mbegu hiyo hiyo. Huko ni juu, karibu mita 1,850, sisi hapa ni kama 1,130, na ile baridi ya Julai dodo inakaa tu hairefuki. Huko panda kuanzia Septemba joto likirudi, ama Machi mvua ikishika, na uwe na subira ya wiki mbili zaidi.

Tupike sasa. Watu wengi hapa, hasa mama wajawazito wanaambiwa hivo na majirani, wanaamini hii nyekundu inaongeza damu kwa sababu ni nyekundu. Nataka niseme polepole kwa sababu ni jambo la afya. Ule wekundu si damu na si madini ya chuma, ni rangi tu ya mmea. Chuma iko kwa dodo, ya kijani iko nayo na nyekundu iko nayo, lakini chuma ya mboga mwili unaichukua kwa shida, kwa hivo weka nyanya mingi ama kamulia limau ukitoa motoni, na chai kunywa baadaye sio pamoja na chakula. Na kama umepewa tembe za kuongeza damu kliniki, tafadhali endelea kuzimeza, mboga iwe juu yake na isichukue nafasi yake.

Ukichemsha maji yatageuka zambarau mara moja, usishtuke. Ya mche mchanga mimi simwagi maji, napika na unyevu wake. Ya mmea mkubwa nachemsha kidogo namwaga, kwa sababu majani yaliyokomaa yanakuwa na oksaleti zaidi, ile inayozuia mwili kuchukua madini, na nyingi ya hiyo pamoja na naitreti inatoka na hayo maji. Kwetu tunaongeza maziwa ama samli na kuiacha usiku kwa chungu, na mafuta kidogo ni ya maana kwa sababu vitamini A ya mboga inahitaji mafuta ndio iingie mwilini. Ukiweka maziwa inakuwa ya pinki, na ugali unashika rangi pale unapochovya, watoto wangu wanagombania hiyo. Ukitaka wekundu ubaki, hiyo limau na nyanya ndio inasaidia. Lakini ukiweka magadi ama munyu wa majivu, vile tumezoea kulainisha mrenda na kunde, rangi inakufa, inageuka hudhurungi ya njano njano. Dodo ni laini yenyewe, haihitaji magadi hata kidogo.

Mambo ya mboga za kienyeji kuna mtu lazima nimtaje. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno kabla ya kwenda JKUAT, kile chuo kikuu cha Jomo Kenyatta, ametumia miaka mingi ya utafiti kwa mboga hizi, dodo, saga, managu, mitoo, wakati shuleni sisi tulifundishwa kabeji ndio mboga na hizi ni za maskini. Mimi nilikulia kwa hizo na nilizionea aibu mbele ya wenzangu, na inaniuma hata sasa, kwa sababu kukhu alikuwa na maarifa yote hayo na hakuna aliyemuuliza.

Kwa hivo mbegu. Chagua mimea mitano ama sita mikubwa, yenye rangi nzito kabisa na iliyochelewa kutoa maua, usiikate hiyo, iache. Ile inayotoa maua mapema sana kula, usiipe nafasi ya kuzaa. Upepo unabeba poleni ya dodo, kwa hivo dodo yoyote ya kijani iliyo karibu ing'oe kabla haijafungua maua, zungumza na jirani kama iko kwa ukuta wake. Hata hivo kidogo itachanganyika, na utaijua msimu unaofuata, miche ya kijani na ile ya madoa madoa itakuwa imeongezeka kwa mistari yako. Itoe ikiwa michanga, kila msimu, na baada ya muda mbegu yako inasafika tena.

Kichwa kiko tayari ukikitikisa juu ya kiganja na mbegu nyeusi zinadondoka. Usingoje kikauke kabisa shambani, ndege na mvua vitakuwahi. Kata asubuhi umande ukikauka, anika kivulini juu ya shuka la zamani, alafu sugua na mikono ndani ya karai. Kupepeta na ungo kunataka upepo mdogo sana, ukipuliza kwa nguvu mbegu inaenda na makapi, mimi napuliza na mdomo polepole nikiinamisha ungo. Mmea mmoja mkubwa unatoa makumi ya maelfu ya mbegu, kwa hivo hata ukipoteza nusu bado utagawia mtaa mzima. Zikauke vizuri, weka kwa chupa kavu na majivu kidogo, andika mwezi na mwaka juu, weka mahali baridi penye giza.

Zangu za msimu huu zimejaa chupa mbili na moja ni ya kugawa. Kama uko upande wa Kisumu andika hapo chini nikutengee kijiko, na kama uko Busia, Bungoma ama Kisii na nyumbani kwenu kuna nyekundu ya zamani, ile ya kukhu wenu, niambie inafananaje na majani yake yana umbo gani, ningependa sana tubadilishane.